Jina Lililoitwa Kwenye Simu

Busia, 12 Januari 2025

Kwa wifi yangu Teopista,

Salamu zangu zikukute mzima huko Mella, wewe na Mama na yule ng'ombe wenu mwenye hasira. Sisi huku tupo. Ndugu yako Nathan anaamka mapema kwenda mpakani kujaza fomu za malori, anarudi jioni na macho mekundu. Mtoto ana miezi mitatu sasa, shingo imekaza, na akikasirika anakunja ngumi kama mtu anayedai kitu chake. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Juzi nilifua nguo zake, nikazianika, ndipo nikagundua sabuni sijaigusa.

Utashangaa kuona barua. Imebebwa na Asio, yule mama anayeuza mukene, kwa hiyo ikinuka samaki unisamehe. Anakuja soko la kwenu kila wiki mbili na amekubali kunirudishia majibu yako. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisamia hukijui, na Kidhopadhola changu ukikisikia unacheka mpaka unakaa chini.

Kwa nini si simu? Wifi, unakumbuka ya Novemba. Nilikutumia wewe peke yako sauti, nikilia, nikikueleza jinsi chuchu zilivyopasuka mpaka zinatoa damu. Kidole chako kikaisukuma kwenye grupu la familia. Watu arobaini na wanne. Baba mdogo Obbo, mzee wa kanisa, akanijibu kwa kidole gumba. Najua hukukusudia. Uliomba msamaha nikakusamehe, lakini nilitoka kwenye grupu na sirudi. Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyehama. Habari za kwenu nazijua kwa kumsikia Nathan akicheka peke yake. Nikimwuliza kuna nini, anasema, "Hakuna, ni watu wa nyumbani."

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute kalamu.

Nyumbani kwenu mtoto hapewi jina hivi hivi. Shangazi humpakata akiwa analia, akamwitia majina ya watu wenu waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, na lile analonyamazia ndilo lake. Kwetu Samia nako wako wanaofanya hivyo, sikuona ugeni. Wewe ndiye shangazi mkubwa, kazi ilikuwa yako. Ukasema kuja huwezi, tufanye kwa simu ya video. Nathan akashika simu, mimi nikashika mtoto. Alikuwa analia kwelikweli. Ukaita Owor, akalia. Ukaita Okoth, akalia. Halafu wewe ukaganda. Mdomo wazi, mkono juu, hakuna sauti. Mtandao umekatika. Tukakutazama hivyo, na mtoto anaendelea, mpaka nikamtia titi. Uliporudi ulikuwa unapiga vigelegele. "Olweny. Nimesema Olweny, akanyamaza kimya." Kabla sijafungua mdomo Nathan akasema, "Sawa, Olweny," na kwenye grupu watu walikuwa wameshaanza kutuma makofi.

Wifi, hakunyamaza. Kimya ulichosikia kilikuwa cha mtandao. Mtoto alikuwa analia.

Sikusema siku ile. Nilikuwa na siku kumi tangu kujifungua na hata kuongea kulikuwa kazi. Lakini nimemwita Olweny miezi mitatu, na kila nikimwita naona kama namwita mtoto wa jirani. Wa nyumba yenu mmemwona wote, kwenye kioo. Ukimwondoa baba yake, hakuna hata mmoja aliyemshika.

Naomba jambo moja tu. Njoo Busia umpakate, umwitie majina upya mikononi mwako. Nikisema nije mimi, kila mara unaniambia subiri. Basi njoo wewe.

Na barua hii usiipige picha.

Mimi mke wa ndugu yako,
Shallon Ajambo


Mella, 3 Februari 2025

Kwa Ajambo, mama wa mtoto wetu,

Barua yako imefika inanuka samaki kweli, paka ameifuata mpaka ndani. Hapa hatujambo. Jua ni kali, mihogo imedumaa, kisima kimeshuka tunachota tope kabla ya maji. Ng'ombe ana mimba na hasira zimezidi. Mama hajambo, ni mafua tu, anakusalimu sana. Nimemtumia Nathan sauti yake, mwambie akusikilizishe.

Lile la Novemba nitakwenda nalo mpaka siku nitakayozikwa. Ila baba mdogo Obbo aliniapia hakusikiliza. Yeye kila kinachoingia anakibonyezea kidole gumba, hata tangazo la msiba.

Kuhusu jina. Mimi pia nilikuwepo, Ajambo. Masikio haya ndiyo yaliyosikia kimya. Unaniambia ulikuwa mtandao. Na mtandao, nani anajua kwa nini ulikatika kwa Olweny, usikatike kwa Owor? Olweny alikuwa baba wa baba yetu, mtu mpole, alifuga nyuki na hakuwahi kushtakiwa na mtu. Si jina baya. Limetangazwa, na baba mdogo amelitaja kanisani mbele ya watu. Nikisimama leo niseme nilikosea, wataanza kuuliza nimekosea nini kingine.

Kuja siwezi, ng'ombe atazaa wakati wowote. Na wewe usije sasa. Vumbi ni jingi, na watoto wa jirani wana tetekuwanga. Tutaonana mvua ikishika.

Mnyonyeshe, na wewe ule. Ukisikia njaa usimsubiri Nathan.

Wifi yako,
Teopista


Busia, 23 Februari 2025

Wifi Teopista,

Nakusalimu tena, na Mama, na huyo mama ng'ombe mtarajiwa. Nimefurahi kusikia mambo ya nyuki, hayo sikuwa nayajua. Mtoto ameanza kucheka kwa sauti. Amecheka mara ya kwanza na kifuniko cha sufuria kilichoanguka. Nilikuwa peke yangu naye, nikatafuta mtu wa kumwambia, sikupata.

Usidhani hapa hakuna watu. Boma hili lina wapangaji sita. Jioni kila mwanamke anakaa mlangoni kwake na simu yake, na kila mmoja anacheka na mtu wake wa mbali. Wiki iliyopita nilimwomba jirani yangu Justine anishikie mtoto nioge. Alimshika kwa mkono mmoja, wa pili una simu. Nilipotoka bafuni, Justine anatazama kioo, mtoto anatazama kioo, hakuna aliyejua nimerudi. Simlaumu. Na yeye ana mume Juba.

Sasa ile sauti ya Mama. Nathan alinisikilizisha tukiwa tunakula. Mama anasema, watoto wangu habari zenu, mimi sijambo, Mungu awalinde, Nathan usikae na njaa. Nikamwambia Nathan, "Rudisha." Akarudisha.

"Unasikia mvua?"

"Mvua gani?"

"Nyuma ya Mama. Inapiga mabati."

"Kwa hiyo Mella kumenyesha. Shida iko wapi?"

"Dada yako ameniandikia wanachota tope kisimani."

"Shallon, umechoka. Lala."

"Nikilala nani atamshika?"

Hapo alikuwa ameshaanza kumjibu mtu mwingine kwa vidole.

Nimeisikiliza peke yangu mara tatu zaidi. Mvua ni ya kweli, ile kubwa. Na kuna kitu kingine. Mama anawataja watoto wake, anamtaja Nathan, lakini mjukuu wake hamtaji. Ana mjukuu wa miezi minne na hamsemi. Nilimwona Mama mara moja tu, mwaka juzi, siku niliyotambulishwa. Alinipa kuku mkononi, akaniuliza jina la mama yangu na la mama wa mama yangu. Mtu wa namna ile hawezi kusahau kumsalimu mtoto.

Asio naye ameniambia kitu, bila ubaya. Anasema zamani akifika mlikuwa mnakaa jikoni mnakunywa chai. Siku hizi unampokea njiani, kabla hajauona hata mlango.

Sikuambii kwamba unadanganya. Nakuuliza. Mama yuko salama?

Nakuja Jumamosi, tarehe 15 Machi, mimi na mtoto. Nathan ana kazi, nimemwambia nakwenda kusalimia. Tetekuwanga ataipata hata hapa. Ukitaka kunizuia, uniandikie sababu ya kweli.

Shallon


Mella, 9 Machi 2025

Ajambo,

Ng'ombe amezaa. Dume.

Usije. Nakuomba kwa heshima.

Kama ni lazima uje, basi simu uiache huko.

Teopista


Busia, 18 Machi 2025

Wifi yangu,

Tulifika salama. Mayai mliyotupa yalivunjika mawili tu. Mtoto alilala njia nzima, na mimi nilishuka na bega limekufa ganzi, lakini leo ni nafuu. Msalimie Mama.

Tangu Jumamosi natafuta namna ya kukuandikia. Nimeamua nikuandikie kile ambacho hukukiona, kwa sababu wewe ulikuwa jikoni.

Ulipotupokea ulisema maneno mawili tu. "Hajui watu." Halafu ukaenda kuwasha moto kama vile mimi ni mgeni wa kawaida. Nikaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, msafi, amesukwa nywele vizuri, na kucha zake zimekatwa. Hiyo niliiona kwanza. Nataka ujue niliiona.

Akaniuliza kwa lugha yenu, "Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni mke wa Nathan, Mama."

Akacheka. "Nathan gani ana mke? Nathan yuko shule. Akirudi utamwona, ana matope mpaka hapa." Akanionyesha goti.

Kisha akamwona mtoto. Sikumpa, wifi, alimchukua. Alitia kiganja chini ya kichwa kwanza, ndipo mgongo, vile nesi alivyonifundisha mimi kwa siku mbili nisielewe. Mtoto akaanza kulia, hamjui. Mama hakushtuka. Akamlaza begani, akawa anampigapiga mgongoni na kumwita, "Nathan. Nathan wangu. Nathan." Na mtoto akanyamaza. Hakunyamaza kwa sababu ya titi, nilikuwa mbali naye. Nilisikia kuku nje, nikakusikia wewe unavunja kuni. Kimya kile nilikisikia mwenyewe.

Usiogope. Najua Nathan ni jina la mtu aliye hai na haliwezi kuwa la mtoto. Sijaja kulidai. Nakwambia tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimzae, nilikaa chini mikono yangu ikiwa mitupu, na sikujua niiweke wapi.

Wewe hukumshika. Ulisimama mlangoni ukasema mikono yako ina majivu. Maji yalikuwa kwenye ndoo hapo hapo. Sikusema kitu mbele ya Mama, nasema sasa.

Uliponisindikiza barabarani uliniambia una sauti kumi na moja za Mama, za mwaka juzi alipokuwa mzima, na kila Jumapili unatuma moja kwenye grupu. Ukifika ya mwisho unaanza upya. Mwaka mzima na zaidi, na watoto wake wote hakuna aliyegundua anasalimiwa kwa salamu ile ile. Sikukuuliza kwa nini. Nilikuwa naangalia viatu vyako, umevaa kimoja cha bluu na kimoja cheusi, nikajua na wewe hulali.

Lakini Nathan ni mtoto wake. Nakaa naye, nampa chakula, na najua jambo kuhusu mama yake ambalo yeye halijui. Jumapili alinionyesha simu akasema, "Umeona, Mama hajambo." Nikaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mwambie kabla mwezi haujaisha. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Sisemi kwa hasira, wifi. Nakupenda, na Jumamosi nimekupenda zaidi. Ila vitu vya kubeba peke yangu vimenizidi.

Na lile langu la kwanza bado lipo palepale. Mtoto hajapakatwa na shangazi yake.

Shallon


Mella, 4 Aprili 2025

Kwa Ajambo,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mvua imeshika, tumepanda mahindi kando ya kisima na karanga huku juu. Yule ndama dume ameanza kumfuata Mama kila anapokwenda, na Mama anamwita kwa majina ya watu. Hapo hata mimi hucheka.

Umeniuliza kwa nini bila kuuliza. Baba alipougua, mimi ndiye niliyefungua hilo grupu, ili tusaidiane. Kila mtu alisema lake. Mpelekeni hospitali hii, hapana ile, msimpe dawa hiyo, ombeni. Wakapiga kura kwa vidole gumba kama Baba ahamishwe au asihamishwe. Mimi nikiwa nimemshika kichwa anatapika, simu inalia ting, ting, ting. Hakuna aliyekuja mpaka siku ya jeneza. Siku ile walikuja wote, wakapiga picha. Kwa hiyo Mama alipoanza kusahau nilisema huyu hawatampigia kura. Krismasi iliyopita Nathan alipopita masaa mawili, nilimwambia Mama amelala. Akakubali upesi. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwamba alikubali.

Na nikwambie ukweli mwingine. Zile sauti nilikuwa nasikiliza mimi mwenyewe kabla ya kuzituma. Mama yangu yuko hapa nyumbani lakini maneno yake yako kwenye simu.

Sasa sikia nilichofanya. Tarehe 27 asubuhi nilimrekodi Mama. Dakika mbili. Ananiuliza mimi ni nani, namwambia Teopista, anasema Teopista ni mtoto mdogo, usinidanganye. Halafu anamtafuta mama yake. Nikaandika chini, Hii ni ya leo, zile nyingine zote ni za zamani, nisameheni. Nikaituma kwa wote arobaini na watatu.

Vile vialama vikageuka bluu, kimoja kimoja. Hakuna aliyesema neno. Mchana ukapita. Hata baba mdogo Obbo hakubonyeza kidole.

Kesho yake nikasikia kengele ya baiskeli. Ni yeye. Kilomita tisa, na umri ule, suruali imefungwa kwa kamba miguuni. Nikamwuliza, "Baba mdogo, kuna nini?"

Akasema, "Nilitafuta cha kubonyeza nikakosa. Nikaona nije."

Akakaa na Mama mpaka jioni. Mama alimwita shemeji, hilo peke yake alipatia, na mzee akalia kama mtoto.

Jumapili akaja Nathan. Najua alikwambia amekuja, ila sidhani alikwambia zaidi. Hakunigombeza. Alikaa miguuni pa Mama, Mama akamwuliza kama ana njaa. Akasema, "Ninayo, Mama." Akala vyote tulivyompa.

Wengine bado wako kimya. Mmoja ametoka kwenye grupu. Wacha atoke.

Sasa jina. Siku ile ya simu ya video sikuwa nimekaa vizuri kama ulivyodhani. Mama alikuwa ananivuta gauni, ile gomesi yangu, anauliza huyo mtoto kwenye kioo amefungiwa na nani. Nilikuwa naita majina kwa mdomo, na mkono mwingine namzuia asije akaonekana. Nilitaka imalizike. Nilikuwa natafuta kimya, nikakipata, nikakichukua. Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua unasema kweli. Ndiyo maana mikono yangu ilikuwa na majivu.

Mlete Pasaka. Njooni na Nathan, mlale siku mbili. Nepi chukua nyingi, nguo hazikauki na mvua hii. Mtoto nitampakata mimi.

Wifi yako,
Teopista


Busia, 24 Aprili 2025

Kwa wifi yangu mpendwa,

Tulifika Jumatatu jioni, sote wazima. Mihogo uliyotufungia tumeila jana na leo. Nathan amesema atakuwa anakuja huko kila Jumamosi ya pili, na amemwambia bosi wake mbele yangu, kwa hiyo nina ushahidi. Nimeona ameanza kumpigia Mama simu pia, ingawa Mama anamwuliza yeye ni nani. Anamjibu, kisha wanaanza upya. Juzi walianza upya mara sita. Nilikuwa nahesabu huku namenya ndizi.

Barua hii naiandika kwa jambo moja.

Unajua nilivyolipigania hili tangu Januari. Nilijiwazia nimesimama pembeni yako, nasikia kila jina, naangalia uso wa mtoto, ili safari hii mtu asije akaniambia kitu ambacho sikukiona. Jumamosi baada ya chakula ukanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ukamchukua. Ukaniambia, "Nyoosha mgongo kidogo, tukianza nitakuita." Nikajilaza kwenye mkeka wa Mama. Nathan na baba mdogo walikuwa wamekwenda kurekebisha uzio alioubomoa ndama. Nilimsikia mtoto anaanza kulia, nikasema moyoni, sasa naamka. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Masaa manne, wifi. Nathan ndiye aliyehesabu. Tangu Oktoba sijawahi kulala masaa manne bila kukatizwa. Nilipotoka nje jua lilikuwa limeshaegemea, na nyinyi watatu mmekaa ukutani, wewe na Mama na mtoto kifuani kwako, amelala mdomo wazi.

Ukasema, "Nilikuita, hukusikia. Nimemwitia wote. Ni Olweny."

Mama akauliza, "Nani?"

Ukamwambia, "Olweny, Mama."

Nathan, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na nyundo, akaniangalia mimi. Na mimi nikamwangalia yeye. Ni jina lile lile ambalo baba mdogo ameshalitaja kanisani, lile lile ambalo watu wameshalipigia makofi. Shahidi wako ni Mama, na Mama siku ile alikuwa ananiita kwa jina la dada yake.

Tulipokuwa njiani kurudi, Nathan akaniuliza polepole, "Unamwamini?"

Nikamwuliza, "Uliiona gomesi ya dada yako?"

"Ilikuwaje?"

"Imelowa mate. Kutoka begani mpaka kwenye mshipi."

Hakuelewa, nikamwacha. Yeye hajawahi kumbeba mtoto masaa manne, hajui mate yanachukua muda gani kufika kwenye mshipi. Mimi najua. Najua na mkono unavyokufa ganzi, na jinsi unavyoogopa hata kukohoa. Hukumlaza chini hata mara moja. Hukumpa mtu. Simu yako ilikuwa dirishani imezimwa, niliiona.

Kwa hiyo sikuulizi alinyamazia lipi. Nilikuomba umshike, ukamshika mpaka nikalala. Jina ulilotoka nalo hapo nimelichukua, na leo asubuhi nimemwita nalo, akageuza kichwa.

Olweny anakusalimu, shangazi yake.

Shallon